Charles Darwin: wiki tano katika visiwa vya volkano, miaka 24 ya kutafuta maana yake

Kila mwaka, watu zaidi ya 200 000 wanatembelea visiwa vya Galápagos, nchini Ecuador, kiasi cha kilometa 1000 kutoka pwani ya Amerika ya Kusini. Wengi wanapanda meli ndogo zinazowapeleka kisiwa hadi kisiwa ili waone kobe wakubwa, mijusi inayoogelea baharini na ndege wasioogopa watu. Jina wanalolisikia tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho ni la Charles Darwin, Mwingereza aliyezunguka visiwa hivyo mwaka wa 1835, akiwa na umri wa miaka 26, ndani ya meli ya urefu wa mita 27 tu.

Hadithi inayosimuliwa mara nyingi ni nyepesi: Darwin aliwaona ndege wenye midomo tofauti, na papo hapo akatambua namna viumbe vinavyobadilika kwa muda mrefu. Ukweli wa maisha yake ni mwingine. Aliondoka Galápagos bila kuelewa alichokuwa amekiona. Ndege wake wengi walikuwa wamechanganyika, kobe ambao wangemsaidia waliliwa melini, na mtu aliyemwambia jambo la maana kuliko yote hakusikilizwa vya kutosha. Jibu lilikuja baadaye, kidogo kidogo, kwa msaada wa watu ambao majina yao hayajulikani sana.

Kijana aliyekimbia damu

Charles Robert Darwin alizaliwa tarehe 12 mwezi wa pili mwaka wa 1809, katika mji wa Shrewsbury, magharibi mwa Uingereza. Baba yake, Robert Darwin, alikuwa daktari mwenye mali, ambaye neno lake halikupingwa nyumbani. Mama yake, Susannah, alitoka katika jamaa ya Wedgwood, watengenezaji wa sahani na vyombo vya udongo, watu waliojulikana pia kwa kupinga biashara ya watumwa. Susannah alikufa mwaka wa 1817, wakati Charles alikuwa na miaka minane. Dada zake wakubwa ndio waliomlea.

Mwaka wa 1825 baba yake alimtuma Edinburgh, huko Scotland, asomee udaktari. Wakati huo dawa ya kumlaza mgonjwa kabla ya upasuaji ilikuwa bado haijapatikana. Darwin alishuhudia upasuaji mara mbili, mara moja mgonjwa akiwa mtoto, na mara zote mbili alitoka mbio kabla kazi haijaisha. Mwaka wa 1827 aliacha masomo hayo bila diploma.

Hata hivyo hakutoka Edinburgh mikono mitupu. Karibu na nyumba alimopanga aliishi John Edmonstone, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa huko Guyana, Amerika ya Kusini, kisha akapata uhuru wake. Edmonstone alikuwa fundi wa kuhifadhi ndege waliokufa: kuwachuna ngozi, kuikausha, kisha kuijaza pamba mpaka ndege aonekane kama yuko hai. Darwin alimlipa ili amfundishe, na mara nyingi alibaki kwake kwa maongezi, maana alimwona kuwa mtu wa akili na wa moyo mzuri. Bila ufundi huo, ndege wa Galápagos wangeoza njiani.

Baba alijaribu njia nyingine: Charles aende Cambridge, kisha awe mchungaji wa kanisa la Kianglikana. Mtihani wa mwisho aliupita mwaka wa 1831, lakini muda wake mwingi ulikwenda katika kukusanya wadudu na kutembea mashambani pamoja na mwalimu wake wa mimea, mchungaji John Henslow.

Nafasi iliyokaribia kumponyoka

Mwezi wa nane mwaka wa 1831, Henslow alimwandikia barua. Nahodha Robert FitzRoy, kijana wa miaka 26, alikuwa akitafuta mtu mwenye elimu wa kumsindikiza katika safari ya kuzunguka dunia. Meli yake, HMS Beagle, ilitumwa na jeshi la majini la Uingereza kupima pwani za Amerika ya Kusini na kuchora ramani. FitzRoy alikuwa na sababu ya kuogopa upweke. Nahodha aliyemtangulia katika meli hiyo alijiua mwaka wa 1828, na mjomba wake mwenyewe, aliyekuwa waziri, alijiua mwaka wa 1822.

Robert Darwin alikataa. Aliona kwamba safari hiyo ingempotezea kijana wake miaka bure. Aliacha mlango mmoja tu wazi: mtu yeyote mwenye busara akimshauri vingine, atabadili mawazo. Mtu huyo alipatikana ndani ya jamaa. Mjomba wa Charles, Josiah Wedgwood, alijibu kila sababu ya kukataa, moja baada ya nyingine, na baba akakubali. FitzRoy naye nusura amkatae Darwin. Aliamini kwamba tabia ya mtu inasomeka usoni, na pua ya Darwin haikumpa matumaini.

Beagle iliondoka Plymouth tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1831, ikibeba watu zaidi ya 70. Darwin alipewa nafasi katika chumba cha ramani. Usiku alitundika kitanda chake cha kitambaa juu ya meza, na ilimbidi aondoe droo moja ya kabati ili apate mahali pa kuweka miguu. Hakulipwa na serikali. Gharama zake zilitoka mfukoni mwa baba yake. Mawimbi yalimfanya atapike tangu wiki ya kwanza, na hakuyazoea kamwe. Safari iliyopangwa kuchukua miaka miwili ilichukua karibu mitano, na zaidi ya miaka mitatu kati ya hiyo Darwin aliipitisha nchi kavu, akitembea kwa miguu na kupanda farasi.

Kabla ya kuondoka, FitzRoy alimpa zawadi ya kitabu cha Charles Lyell, mtaalamu wa miamba. Lyell alieleza kwamba sura ya dunia inabadilika polepole, kwa nguvu zile zile zinazoonekana leo: mvua, mito, volkano na matetemeko ya ardhi. Mwezi wa kwanza mwaka wa 1832, Darwin alikuta mfano wake katika kisiwa cha volkano cha Santiago, huko Cabo Verde, magharibi mwa Afrika. Ndani ya ukuta wa mwamba, juu ya bahari, kulikuwa na mstari mweupe wa makombe ya baharini yaliyounguzwa na lava. Sehemu hiyo ilikuwa imewahi kulala chini ya maji.

Miaka mitatu baadaye alipata ushahidi mwingine. Tarehe 20 mwezi wa pili mwaka wa 1835, tetemeko kubwa liliangusha mji wa Concepción, nchini Chile. Darwin na FitzRoy walipofika huko, walikuta makombe bado yameshikamana na mawe, lakini mawe hayo yalikuwa yameinuliwa juu ya maji. Ardhi ilipanda kwa siku moja.

Ugomvi juu ya utumwa

Nchini Brazil, Darwin aliona watumwa kwa macho yake, na jambo hilo lilimleta katika ugomvi na nahodha wake. FitzRoy alisimulia kwamba tajiri mmoja aliwaita watumwa wake mbele yake, akawauliza kama wanataka uhuru, nao wakajibu hapana. Darwin aliuliza kama jibu la mtumwa mbele ya bwana wake lina thamani yoyote. FitzRoy alikasirika na kumfukuza mezani. Baada ya saa chache alituma mtu kuomba msamaha, na wawili hao wakaendelea kula pamoja.

Darwin hakubadili mawazo juu ya utumwa mpaka mwisho wa maisha yake. Hata hivyo alikuwa mtu wa wakati wake. Maandishi yake juu ya wakaaji wa kusini kabisa mwa Amerika, na juu ya watu wengine wasio Wazungu, yana maneno ya dharau ambayo leo yanaumiza kuyasoma.

Visiwa vilivyozaliwa na moto

Beagle ilifika Galápagos tarehe 15 mwezi wa tisa mwaka wa 1835, ikaondoka tarehe 20 mwezi wa kumi. Ni wiki tano tu katika safari ya karibu miaka mitano.

Visiwa hivyo havijawahi kuunganika na bara. Viliinuka kutoka chini ya bahari, pale ambapo mwamba wa moto unapanda kutoka ndani ya dunia. Kwa kuwa sakafu ya bahari inasogea polepole kuelekea mashariki, visiwa vya mashariki ni vizee na vimepoa, huku vya magharibi vikiwa vichanga na volkano zake zikiwaka hadi leo. Kila mnyama na kila mmea uliokuwemo ulifika kwa kuruka, kuogelea, kupeperushwa na upepo au kuelea juu ya magogo.

Darwin alikanyaga kwanza kisiwa cha San Cristóbal. Alikuta mawe meusi yenye makali, vichaka vilivyoonekana kama vimekufa, na vilima vingi vyenye shimo juu. Mtu wa Goma aliyewahi kutembea juu ya lava ya Nyiragongo angeitambua nchi hiyo mara moja. Darwin alikadiria kwamba visiwa vyote kwa jumla vina mashimo ya volkano yasiyopungua 2000. Katika kisiwa cha Santiago, kipimo cha joto alichokiweka mchangani kilipanda hadi karibu digri 58.

Alitembelea visiwa vinne: San Cristóbal, Floreana, Isabela na Santiago. Wakati FitzRoy na mabaharia wake walikuwa wakipima pwani, yeye alikusanya mimea, wadudu, samaki, ndege na mawe. Huko Santiago alibaki nchi kavu siku tisa pamoja na daktari wa meli, mtumishi wa nahodha na mtumishi wake mwenyewe, Syms Covington, kijana aliyekuwa mpiga fidla wa meli kabla ya kumfanyia kazi Darwin.

Wanyama hawakujua kuogopa mtu. Darwin alimsukuma mwewe tawini kwa ncha ya bunduki. Alimtupa mjusi wa baharini majini mara nyingi, na kila mara mjusi alirudi pale pale alipokuwa amesimama mtupaji. Alivuta mkia wa mjusi wa nchi kavu aliyekuwa akichimba shimo, na alipanda juu ya migongo ya kobe, akiona vigumu kukaa bila kuanguka.

Kobe kwenye sahani

Kobe hao, ambao mkubwa wao anaweza kuzidi kilo 200, ndio waliovipa visiwa jina la Galápagos. Ndio pia waliovuta meli za kuvua nyangumi. Kobe anaweza kukaa miezi mingi bila chakula wala maji, kwa hiyo mabaharia waliwapanga hai ndani ya meli, mmoja juu ya mwingine, na kuwachinja walipohitaji nyama. Wataalamu wanakadiria kwamba kobe zaidi ya 100 000 walichukuliwa kwa njia hiyo.

Beagle haikufanya tofauti. Ilipakia makumi ya kobe wakubwa. Darwin alikula nyama yao pamoja na wengine, na magamba yakatupwa baharini.

Hapo ndipo alipopoteza ushahidi wake. Katika kisiwa cha Floreana kulikuwa na kijiji cha watu mia mbili hadi mia tatu, wengi wao wakiwa wamefukuzwa Ecuador kwa sababu za siasa. Msimamizi wao, Nicholas Lawson, alimwambia Darwin kwamba kobe wanatofautiana kisiwa kwa kisiwa, na kwamba yeye mwenyewe akionyeshwa kobe anaweza kusema ametoka wapi. Darwin aliyasikia, lakini hakuyapa uzito. Hakufikiri kwamba visiwa vinavyoonana kwa macho, vyenye mawe yale yale na hali ya hewa ile ile, vinaweza kuwa na wakaaji tofauti. Alikuwa tayari amechanganya sehemu ya vitu alivyokusanya katika visiwa viwili.

Kwa wale ndege wadogo wanaofanana na shomoro, ambao leo wanaitwa kwa jina lake, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Hakuandika kila mmoja alitoka kisiwa gani, na hakujua kama wote ni jamaa moja. Kundi moja tu la ndege lilimfungua macho, nalo ni la wale wanaoiga sauti za wengine. Alipofika Floreana aliona kwamba hawafanani na wale wa San Cristóbal. Tangu hapo, kwa ndege hao peke yao, aliandika jina la kisiwa bila kukosa.

Ilipokuwa inarudi nyumbani, Beagle ilipita Tahiti, New Zealand, Australia, Mauritius, Afrika ya Kusini na visiwa vya volkano vya St Helena na Ascension. Ndani ya chumba chake kidogo, kiasi cha mwaka wa 1836, Darwin alipanga upya maandishi yake juu ya ndege. Alikumbuka maneno ya Lawson. Akaandika kwa tahadhari kwamba, kama tofauti hizo ni za kweli, basi imani ya kwamba spishi hazibadiliki ingeanza kutikisika.

Jibu lapatikana London

Darwin alishuka katika bandari ya Falmouth tarehe 2 mwezi wa kumi mwaka wa 1836. Mwanzoni mwa mwaka wa 1837 aliwakabidhi ndege wake kwa chama cha wataalamu wa wanyama mjini London. Aliyewachunguza ni John Gould, fundi wa kuhifadhi ndege na mchoraji, mtu ambaye hakupita chuo kikuu. Kwa siku chache tu, Gould alitoa jibu lililomshangaza Darwin: wale ndege wadogo, ambao Darwin alifikiri ni wa jamaa mbalimbali, wote walikuwa jamaa moja yenye spishi 12, na hawakujulikana mahali pengine duniani. Mwezi wa tatu akaongeza kwamba wale waigaji sauti walikuwa spishi tatu tofauti.

Darwin sasa alihitaji kujua kila ndege alitoka kisiwa gani, na yeye hakuwa ameandika. Ilimbidi aende kuomba kwa wenzake. FitzRoy, mtumishi wa FitzRoy na Covington walikuwa nao wamekusanya ndege, na wao waliandika majina ya visiwa. Watumishi wawili na nahodha wakaziba pengo ambalo mtaalamu aliliacha.

Katikati ya mwaka wa 1837 alifungua daftari la siri na kuanza kuandika juu ya mabadiliko ya spishi. Alichora mti mdogo wenye matawi, kuonyesha namna viumbe vingi vinavyoweza kutoka katika shina moja. Mwaka uliofuata alisoma kitabu cha Thomas Malthus juu ya wingi wa watu na uhaba wa chakula. Hapo akapata kiungo kilichokosekana. Katika kila uzao wanazaliwa wengi kuliko wale watakaoishi. Watoto hawafanani kabisa. Yule mwenye tofauti ndogo inayomsaidia, kama mdomo mgumu mahali penye mbegu ngumu, ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi na kuzaa, na watoto wake wanairithi tofauti hiyo. Kisiwa kikiwa mbali na vingine, na miaka ikiwa mingi, mwisho wake ni spishi mpya. Njia hiyo aliiita uteuzi wa asili.

Miaka ya kimya

Alikuwa na jibu kabla ya kufikisha miaka 30, lakini alilitangaza akiwa na miaka 50. Mwaka wa 1839 alimwoa binamu yake Emma Wedgwood, na mwaka wa 1842 walihamia katika kijiji cha Downe, kusini mwa London. Walizaa watoto kumi. Emma alikuwa mtu wa imani, na aliogopa kwamba mawazo ya mume wake yangewatenganisha baada ya kifo. Darwin alijua hofu hiyo, na ilimlemea.

Ugonjwa ambao madaktari hawakuutambua ulimfuata maisha yote, kwa kutapika, maumivu ya tumbo na uchovu. Mwaka wa 1844 aliandika muhtasari mrefu wa mawazo yake, akamwachia Emma barua ya kumwomba auchapishe kama yeye atakufa. Kisha akaufungia. Alitumia miaka minane kuchunguza wanyama wadogo wa baharini wanaojibandika kwenye mawe na chini ya meli. Alifuga njiwa, akawahoji wafugaji, akaandikiana barua na watu wa dunia nzima. Rafiki yake Joseph Hooker alichunguza mimea ya Galápagos, akathibitisha kwamba mingi inapatikana katika kisiwa kimoja tu. Mwaka wa 1851 binti yake Annie alikufa akiwa na miaka kumi, pigo ambalo Darwin hakupona.

Mwezi wa sita mwaka wa 1858, bahasha ilifika kutoka Ternate, kisiwa kingine cha volkano, katika nchi inayoitwa leo Indonesia. Alfred Russel Wallace, Mwingereza aliyejipatia riziki kwa kuuza vipepeo na ndege, alikuwa amegundua wazo lile lile akiwa peke yake. Darwin angeweza kuificha barua hiyo. Aliipeleka kwa rafiki zake, nao wakaamua kwamba maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja. Yalisomwa London tarehe 1 mwezi wa saba mwaka wa 1858. Wallace alikuwa mbali sana na hakuulizwa. Darwin naye hakuwepo, kwa sababu mtoto wake mdogo alikuwa amekufa siku tatu kabla.

Kitabu chake juu ya asili ya spishi kilitoka tarehe 24 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1859, nakala 1250, na wauza vitabu walizichukua zote mara moja. Tangu siku alipoondoka Galápagos ilikuwa imepita miaka 24.

Nahodha na abiria wake

Kitabu kiliwagawa watu. Viongozi wengine wa kanisa walikishambulia. Wengine, kama mchungaji Charles Kingsley, waliona kwamba kinaweza kukaa pamoja na imani kwa Mungu. Katika mkutano wa Oxford mwaka wa 1860, mtu mmoja alisimama akiinua Biblia juu, akiwaomba watu wamwamini Mungu kuliko mwanadamu. Mtu huyo alikuwa FitzRoy. Ilimuuma kwamba meli yake ndiyo iliyozaa kitabu hicho.

FitzRoy hakuwa mtu mdogo. Mwaka wa 1854 alipewa kuongoza ofisi ya serikali ya hali ya hewa, na mwaka wa 1861 alianza kuchapisha gazetini utabiri wa hewa ili wavuvi wasife baharini. Alidhihakiwa kila utabiri ulipokosea. Tarehe 30 mwezi wa nne mwaka wa 1865 alijiua. Mali yake ilikuwa imekwisha, na Darwin alikuwa kati ya waliotoa pesa kusaidia jamaa aliyoiacha.

Mwaka wa 1871 Darwin aliandika juu ya asili ya binadamu. Kwa kuwa gorila na sokwe, wanyama walio karibu zaidi na mtu, wanaishi Afrika, alitoa wazo kwamba wazee wa kwanza wa binadamu yawezekana waliishi Afrika pia. Wakati huo karibu hakuna mfupa wa zamani uliokuwa umepatikana barani humu kuthibitisha jambo hilo, na wengi Ulaya hawakulipenda. Katika karne iliyofuata, mifupa iliyochimbwa kusini na mashariki mwa Afrika ilimpa haki.

Darwin alikufa nyumbani kwake tarehe 19 mwezi wa nne mwaka wa 1882, akiwa na miaka 73. Alitaka kuzikwa kijijini. Nchi iliamua vingine: alizikwa London katika kanisa la Westminster Abbey, karibu na Isaac Newton.

Visiwa baada yake

Mwaka wa 1959, miaka mia moja baada ya kitabu, Ecuador ilifanya Galápagos kuwa hifadhi ya taifa, inayofunika asilimia 97 ya nchi kavu. Mwaka wa 1978 UNESCO iliviingiza visiwa hivyo katika urithi wa dunia, mwaka mmoja kabla ya Virunga. Hifadhi hizo mbili zimewahi zote kuwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini: Virunga tangu mwaka wa 1994, Galápagos kuanzia 2007 hadi 2010.

Kuanzia miaka ya 1970, Peter na Rosemary Grant walipima midomo ya ndege wa Darwin katika kisiwa kidogo cha Daphne Major. Ukame wa mwaka wa 1977 uliwaua wengi, na waliobaki ni wale wenye midomo mikubwa, walioweza kuvunja mbegu ngumu. Darwin alifikiri kwamba jambo hilo linachukua muda mrefu kiasi kwamba mtu hawezi kulishuhudia. Wao walilishuhudia kwa mwaka mmoja.

Leo meli ya watalii hairuhusiwi kubeba abiria zaidi ya 100, na nyingi zinabeba wachache zaidi. Kila kundi lazima liwe na kiongozi aliyeidhinishwa na hifadhi, na watu wakae mita mbili mbali na wanyama. Tangu mwezi wa nane mwaka wa 2024, wageni wengi kutoka nchi za nje wanalipa dola 200 kuingia. Kumpanda kobe, kumvuta mjusi mkia au kuondoka na jiwe ni kosa mbele ya sheria. Karibu kila alichokifanya Darwin huko kingemfikisha mahakamani.

Kobe wa Floreana, wale ambao Lawson aliwazungumzia, hawakuonekana tena kufikia katikati ya karne ya 19. Waliliwa wote. Lakini kwenye volkano ya Wolf, katika kisiwa cha Isabela, watafiti walikuta kobe wenye damu yao, wazao wa wale ambao meli za nyangumi ziliwaacha huko. Tangu mwaka wa 2017 kobe hao wanazalishwa katika kituo maalum, ili Floreana ipate tena kobe wake. Ndege mwigaji sauti wa Floreana naye ametoweka katika kisiwa chenyewe, akabaki katika visiwa viwili vidogo vya jirani. Ili kujua namna ya kumrudisha, watafiti walichunguza chembe za urithi za ndege wawili wanaohifadhiwa Uingereza tangu mwaka wa 1836: mmoja aliyekusanywa na Darwin, mwingine na FitzRoy.